Pampu Iliyokaa Juu

Juzi nilikuwa nikitia petroli kwenye jenereta la kanisa, faneli ikateleza, mafuta yakanimwagikia mkononi. Nilinawa kwa sabuni ya kipande, nikanawa tena kwa ndimu, lakini jioni nilipoinua tonge la ugali, harufu ilikuwa bado ipo pale kwenye vidole. Nikalirudisha tonge sahanini. Mwanangu mkubwa akauliza, "Mama, kwani samaki imeharibika?" Nikamwambia hapana, kula. Ningemwelezaje haraka hivyo, chakula kikipoa, kwamba harufu ile hunirudisha kwenye msimu mmoja wa mvua, nyumbani kwetu chini ya Ahero, nilipoishi nimetega sikio nikisubiri sauti moja tu: mvumo wa pampu ya mafuta kwenye gari la baba?

Nyinyi mliokulia nyanda za Kano mtanielewa upesi. Wengine niwaeleze. Kwetu ardhi ni tambarare kama sinia, na udongo wake mweusi haunywi maji kwa haraka. Mvua hunyesha mbali, huko kwenye vilima vya chai, halafu mto unatuletea sisi maji ambayo hatukuyaona yakinyesha. Mara nyingi huja jua likiwaka. Unasikia chura, unatazama uani, na ua umeanza kung'aa kwa maji.

Kwa hiyo watu wa kwetu walikuwa na tabia ya kuinua vitu. Kitanda kilikaa juu ya matofali. Mahindi yalikaa kichanjani. Viatu vyangu vya shule vilining'inia kwenye mtambaapanya, kamba zimefungwa pamoja, na kila asubuhi baba alivitungua kwa fimbo. Kuku walilala kwenye banda la miguu mirefu. Ukiweka kitu sakafuni, mama alikuuliza, "Hicho umeshakichoka?" Nilikua nikiamini kwamba dunia ina sehemu mbili: juu, ambako vitu vinaishi, na chini, ambako vinapotea.

Mafuriko ya nyuma yalikuwa yametupotezea kitu ambacho hakingeweza kufungwa kwenye mtambaapanya. Mama alikuwa mjamzito, uchungu ukamjia tukiwa tumezungukwa na maji, na mtumbwi uliotumwa kutoka barabarani ulichelewa. Nilikuwa na ndugu wa kiume kwa muda mfupi sana. Hakuna aliyenieleza mengi. Niliona tu kwamba baada ya hapo baba alikuwa akisimama uani, anatazama upande wa lami, na mtu akimwamkia alijibu akiwa amechelewa. Mama aliposhika mimba tena, baba alianza kutafuta gari.

Alilipata Kisumu, nyuma ya gereji moja, limekaa kwenye majani bila injini. Lilikuwa gari la zamani lenye mwili wa alumini na magurudumu yote manne yenye nguvu, la aina iliyokuwa ikibeba mabwana shamba enzi za babu zetu. Fundi Rama, mtu wa Kaloleni mwenye kofia ya kushona na maneno mengi, ndiye aliyelitilia injini ya petroli iliyotolewa kwenye pikapu ya Kijapani. Siku lilipofika nyumbani, majirani walilizunguka wakicheka sura yake, na mmoja akaliita Nyang', yaani mamba, kwa sababu lilitakiwa kuingia majini na kutoka. Jina likabaki.

Hapa nivumilieni kidogo, maana bila kuelewa pampu hamtaelewa hofu yangu. Injini ya kwanza ya Nyang' ilikuwa ya kizamani. Ilijivutia petroli yenyewe, polepole, kama mtu anayekunywa uji. Injini mpya haikuwa na subira hiyo. Ilitaka kuletewa petroli kwa nguvu. Kwenye ile pikapu, pampu ya umeme ilikaa ndani ya tanki, imezama kwenye mafuta. Tanki la Nyang' halikuwa na tundu la kuiingiza, kwa hiyo Rama alinunua pampu ya kukaa nje: kitu kama tochi ndogo, bomba linaingia huku na kutokea kule, waya mbili mgongoni. Ukizungusha ufunguo kidogo bila kuwasha, pampu inavuma *mmm*, bomba likijaa inanyamaza, halafu ndipo unawasha injini. Mimi nilisema inaimba.

Swali lilikuwa ifungwe wapi. Nilikuwepo gerejini siku hiyo, nimekaa juu ya tairi nikila mandazi. Rama alitaka kuifunga chini kwenye chesi, karibu na tanki, kwa sababu bomba lingekuwa fupi.

"Hapo chini?" baba akasema. "Rama, wewe hujui maji ya kwetu. Hii maji inafika hapa." Akajishika kiuno. "Weka juu."

"Juu wapi, Baba Akinyi? Juu ni kwa injini."

"Hapo hapo kwa injini. Juu ya kila kitu."

Rama akacheka. "Nyinyi watu wa Kano! Hata kuku wenu wanalala ghorofani." Lakini gari lilikuwa la baba, na hoja ya mafuriko ilionekana nzuri, kwa hiyo akaifunga pampu juu kabisa chini ya boneti, kwenye ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya dereva. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Ilikuwa imepandishwa, basi ilikuwa salama.

Mwanzoni Nyang' hakutusumbua. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye skimu ya mpunga, kufungua na kufunga milango ya maji kwenye mifereji, na asubuhi za baridi gari lilimpeleka na kumrudisha bila neno. Kisha siku za joto kabla ya mvua zikaja. Tulikuwa tukitoka sokoni Ahero, saa ile jua linapiga utosini, na pampu ikabadilisha wimbo. Badala ya *mmm* ilitoa *iiii*, nyembamba kama mbu sikioni. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikafa katikati ya barabara. Baba alifungua boneti, akangoja. Boda boda wakatupita wakitupigia kelele, "Mzee, mamba amekufa kiu!" Tulipongoja hadi kivuli kikarefuka, Nyang' aliwaka kama hakuna kilichotokea.

Tatizo linalokuja na kuondoka ndilo gumu kuliko yote, na nawaambia hivi mkiwa na gari kama hilo msijilaumu. Kitu kilichovunjika unakiona. Kinachopona chenyewe kinakufanya uwe mjinga kila siku upya.

Tangu hapo nikawa msikilizaji. Baba akishika ufunguo, mimi nilishika pumzi. Nilijua tumbo la mama linakua, na nilijua barabara yetu ya udongo ina bonde moja kabla ya kufika lami, ambalo maji hulijaza kwanza. Nilipanga mambo hayo kichwani usingizini na darasani: bonde, tumbo, wimbo.

Siku moja tulimpeleka mama kliniki, kwenye hospitali ya Ahero. Muuguzi, mama mnene aliyekuwa na kalamu nywelani, alimpapasa tumbo, akatabasamu. "Mtoto ameanza kushuka," akasema. "Mama, jiandae."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikusikia mengine. Mtoto ameanza kushuka. Nilimwangalia mama nikitegemea kuona analia, lakini alikuwa akifunga leso yake kwa utulivu, hata akatania na muuguzi. Nikafikiri: anajikaza kwa ajili yangu. Na njiani kurudi, kama kuthibitisha, pampu ikaanza *iiii* na Nyang' akafa tena, mama akiwa ameketi mbele, jasho likimtiririka shingoni.

Sikumwambia mtu yeyote hofu yangu. Nilianza kazi. Niliokota vipande vya matofali na kuviongeza chini ya miguu ya kitanda chake, upande wa miguuni tu, ili mtoto arudi juu. Akikaa kwenye mkeka kuchambua mboga, nilimletea kigoda. Akishuka ngazi ya mlangoni nilimshika mkono na kumvuta juu. "Ona jinsi Akinyi ananipenda," mama aliwaambia majirani. Na kitanda kilipomfanya ateleze kuelekea ukutani, baba alidhani ni mchwa wamekula mbao.

Rama alikuja kwa pikipiki, na alikuwa mwalimu mzuri kwa sababu aliongea peke yake akifanya kazi. "Injini inataka hewa, inataka moto, inataka mafuta. Tuanze kuuliza mmoja mmoja." Tuliendesha Nyang' kwenye jua hadi akafa mbele ya nyumba. Akatoa plagi, moto ukaruka wa buluu. Moto upo. Akaweka taa ndogo ya kupimia kwenye waya za pampu. Ikang'aa. Umeme unafika. Akakwangua sehemu waya mweusi ulipokazwa kwenye bati, akaifunga upya hata hivyo, maana kutu huko husababisha mengi. Akabadilisha filta. Akafungua kifuniko cha tanki kuona kama tanki linakosa hewa. Bado.

Kisha akalegeza bomba kwenye injini na kumwambia baba azungushe ufunguo. Petroli iliingia kwa kutematema kwenye kopo alilokinga, imejaa povu kama soda iliyotikiswa.

"Hewa," Rama akasema. "Inakunywa hewa. Kuna tundu mahali."

Wakakaza kila kibano, wakabadilisha mabomba. Kesho yake, joto lilipopanda, *iiii*. Rama akaloweka kitambaa na kuifunika pampu nacho kama mtu mwenye homa. Wimbo ukashuka, injini ikawaka. Baba na Rama wakakumbatiana. Pampu inachoka na joto, wakasema, kwa hiyo pampu imekwisha. Ikanunuliwa mpya.

Tulitoka kuijaribu kwenye barabara ya Awasi, sote wanne, mama akikataa kubaki kwa sababu alisema ni yeye atakayelipanda, si sisi. Mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya vilima, meusi chini na meupe juu. Tanki lilikuwa chini ya nusu. Tulifika karibu na Awasi, nikaanza kupumua, na pampu mpya ikaanza wimbo ule ule wa mbu.

Baba aliegesha kando. Hakufungua boneti. Aliweka paji la uso kwenye usukani.

"Pampu mbili haziwezi kufa ugonjwa mmoja," Rama akasema kwa sauti ndogo. Hata kofia aliivua.

"Mvua ikinyesha huko leo," baba akasema bila kuinua kichwa, "kesho kutwa maji iko kwetu."

Mama alikuwa ameshuka kunyoosha mgongo. Aliinama taratibu, akafuata bomba la mafuta kwa macho, kutoka kwenye tanki chini ya kiti cha nyuma, likipita chini ya gari lote, likipanda hadi kwenye boneti. Akaguna.

"Na hii kitu inavuta kutoka huko mpaka hapa?"

"Eeh," Rama akasema.

"Baba yangu alikuwa anakunywa busaa na *oseke*, ule mrija mrefu wa wazee," mama akasema. "Wanaweka chungu katikati, wanakaa kwa viti fupi. Nyinyi mumemchukua mzee, mumempandisha kwa paa ya nyumba, mumemnyima kivuli, halafu mnashangaa mzee hanyonyi kitu. Si mumpee hata kigoda?"

Baba alicheka kwa uchungu, kile kicheko cha mtu asiye na jingine la kufanya. Rama hakucheka. Alikuwa ameshika kofia kifuani.

"Mama Akinyi, sema tena."

"Niseme nini? Kwamba mna wazimu?"

"Hiyo pampu ni ya kusukuma," Rama akasema polepole. "Si ya kuvuta. Kusukuma ni bingwa. Kuvuta…" Akapiga boneti kwa kiganja. "Na hapo juu kuna moto wa injini. Petroli ikipata joto halafu ivutwe kwa nguvu, inachemka ndani ya bomba. Lile povu si tundu! Ni petroli inayochemka. Tanki likijaa, mvuto si mkubwa, gari linaenda. Tanki likipungua, basi. Wallahi, ilikuwa inatuambia kila siku."

Baba aliinua kichwa. Huyu ni mtu aliyekuwa akipeleka maji kwenye mashamba ya mpunga kila siku ya maisha yake bila mota, kwa mteremko tu, akijua kila tuta liko juu kuliko lingine kwa upana wa kidole. Aliangalia bomba lile lililopanda, na nikaona linamwingia akilini. "Nimewekea mafuta mlima," akasema.

"Lazima ishuke," Rama akasema. "Leo leo. Ikae chini ya tanki, petroli iiangukie yenyewe."

Hapo ndipo nilipopasuka. "Hapana!" nilipiga kelele. "Isishuke! Mtoto ameshuka, sasa na pampu ishuke, tutakufa wote!"

Wote waligeuka. Nililia hadi maneno yakakosa mpangilio: matofali, kliniki, kigoda, bonde. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi kwenye ngazi ya gari, akanivuta kati ya magoti yake, na tumbo lake likanisukuma kifuani.

"Kumbe ni wewe uliyeinua kitanda changu," akasema. "Nimelala kama mtu anayeteleza mtoni wiki nzima!" Akacheka, machozi yakimtoka. "Akinyi, *nyathina*, mwanangu. Mtoto asiposhuka atatokea wapi? Kupitia sikio? Anashuka kwa sababu anakuja. Asiposhuka, hapo ndipo mama anaogopa."

"Lakini maji…"

"Maji tutayaangalia yakija."

Baba naye alikuwa na hofu yangu, ila yake ilikuwa na ndevu. Tulipofika nyumbani kwa kusukumwa na kwa vitambaa baridi, alisimama juu ya Rama aliyelala chini ya gari na kumuuliza swali lile lile kwa namna tofauti tofauti: ikizama je?

"Baba Akinyi, hii kitu ndani yake imejaa petroli siku zote," Rama alijibu kutoka chini, ni miguu tu inayoonekana. "Imefungwa. Maji hayana mlango wa kuingia. Maji yanaua kiungo cha waya. Kwa hiyo nafanya hivi: pampu nashusha, viungo vya waya napandisha juu ndani ya gari, najaza grisi. Na ule mrija wa tanki wa kupumua, nao napandisha, tanki lisinywe mto. Umeridhika? Nimekupandishia vitu viwili, nimeshusha kimoja."

Baba akafikiri. "Grisi ongeza," akasema.

Nimelielewa jambo hili vizuri zaidi nikiwa mtu mzima, na nimewaeleza mafundi vijana zaidi ya mmoja: ukiogopa kitu kimoja sana, uliza kwanza ni sehemu gani yake inayoogopwa. Pale kwetu tuliinua nyumba nzima, kumbe kiungo cha waya ndicho kilichohitaji kuinuliwa.

Pampu mpya mahali pake ilikuwa na sauti nyingine, nene, yenye raha. Iliimba chini ya sakafu ya nyuma, chini kabisa ya kiti changu. Tulijaribu kwenda Ahero na kurudi kwenye jua. Hakuna mbu. Lakini hatukuwa tumeingia majini, na hofu haikuniachia. Ilihamia mahali pengine tu.

Maji yalikuja asubuhi, anga ikiwa safi. Chura, kisha ua kung'aa. Na mama, aliyekuwa akikoroga uji, alishika meza, akasema kwa utulivu, "Baba Akinyi. Leta gari."

Baba alimwaga dumu zima la petroli tankini kwa haraka, nami nikishika faneli; tulilowa mafuta hadi viwikoni. Hakuna aliyekuwa na muda wa kunawa. Mama aliketi mbele, akishika kipini cha dirisha. Mimi nyuma, peke yangu, kwa sababu baba alisema, "Akinyi anakuja. Yeye ndiye masikio."

Bondeni kulikuwa kumeshajaa. Watu walivuka wakiwa wameinua vitu vichwani, magodoro, redio, mbuzi mchanga. Nyang' aliingia taratibu, na nilisikia maji yakigusa tumbo la gari, halafu yakipanda, halafu yakiingia chini ya milango na kunilowesha miguu. Pampu ilikuwa ndani ya mto. Kila nilichofundishwa tangu utoto kilikuwa kinapiga kelele kwamba imekwisha.

Tulikuwa katikati mtu mmoja alipopitisha ndama mbele yetu, akimvuta kwa kamba. Baba alikanyaga breki, mguu wenye matope ukateleza kwenye klachi, na injini ikazimika.

Mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini, ya kifuani. Mwenye ndama akaanza kuomba msamaha. Mtu akapaza sauti, "Teremkeni! Tusukume!" Maji yalipiga ubavu wa gari. Baba aligeuza ufunguo nusu, akainamisha kichwa, lakini kwa kelele zile hangeweza kusikia kitu.

"Akinyi! Inaimba?"

Sikuweza kusikia pia. Nilishuka kwenye kiti, nikalala kwa ubavu sakafuni, ndani ya maji ya mto, nikabandika sikio kwenye alumini. Kwanza ni mto tu. Kisha, chini ya mto, nikaisikia kwenye taya kabla ya sikioni: *mmm*.

"Inaimba!"

"Ya mbu ama ya chini?"

"Ya chini, baba! Ya chini!" Mvumo ukakatika. Kwa pumzi moja nilidhani imekufa, kisha nikakumbuka. "Imenyamaza. Imeshiba. Washa!"

Nyang' alitikisika, akatapika maji kwa nyuma, akanguruma. Watu walioko ukingoni walipiga mayowe kana kwamba wao ndio waliowasha. "Nyang'! Nyang'!" Tulipanda ule upande wa pili maji yakitiririka kwenye kila tundu, na mama, katikati ya uchungu, akamwambia baba bila kufungua macho, "Mzee amepata kigoda."

Hospitalini Ahero walimwingiza ndani haraka, sisi tukabaki kwenye benchi. Baba hakuketi. Mimi nilikuwa nimelowa, natetemeka, na nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu, kama mtoto ameendelea kushuka au amebadili nia. Nilitaka ashuke. Nilimwombea ashuke, mimi niliyemtilia matofali.

Muuguzi aliyetoka alikuwa yule yule mwenye kalamu nywelani. "Msichana," akasema. "Na mama ni mzima." Baba alinyoosha mikono. Muuguzi akavuta pua, akarudi nyuma. "Baba! Hii ni petroli? Nenda unawe."

Alinawa. Akarudishwa anawe tena. Kipande kizima cha sabuni ya hospitali kiliisha na harufu haikutoka, hadi mama akaita kutoka kitandani, sauti imechoka, "Mpeeni hivyo hivyo. Atajua ni babake." Wakamwita Akoth, kama wanavyoitwa kwetu wasichana waliokuja na mvua.

Baba alimpakata akiwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele. Mtu aliyekuwa akiinua kila kitu alikaa chini kabisa na kile alichokiogopea kuliko vyote, akaniita nami nikae. Nilisikia wanawake wodini wakisema mtoto mchanga hunukia maziwa. Nikainama, nikaweka pua kwenye utosi wa Akoth.

Alinukia petroli.